Barua ya wazi kwa waandaaji wa kura ya albamu bora: kanda zetu za muziki hazina pa kuandikwa

Ndugu waandaaji wa kura ya albamu kumi bora za wakati wote,

Asalaam aleikum, na kwa wasio wa upande huo, hamjambo. Mimi ni mzee wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, na sijaandikia redio tangu zama za kadi za salamu. Zile tulizijaza mpaka pembeni: jirani, shangazi wa Pangani, shemeji wa Korogwe, "na wote wanaonifahamu". Tunabandika stempu, kisha tunakaa wiki nzima na sikio redioni tukingoja kutajwa. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba kuchagua wimbo mbele ya watu ni jambo tulilolizoea siku nyingi.

Kura yenu ililetwa na mjukuu wangu, Ijumaa baada ya Alasiri. Nilikuwa barazani na wenzangu, kahawa imeshapita mzunguko wa pili. Akasema, "Babu, hawa wanataka uchague albamu kumi unazozipenda kuliko zote." Mwee! Aliyekaa kando yangu aliweka kikombe chini. Kwa saa nzima hakuna aliyeitaja Coastal Union, timu yetu ya mpira, na anayeijua baraza yetu atajua hilo lina uzito gani.

Ubishi ulikuwa mtamu. Ulipofika wakati wa kujaza, ukaisha.

Fomu yenu inataka jina la albamu, jina la msanii, mwaka, kampuni iliyoitoa, na nchi. Ukiacha nafasi moja wazi, haiendi. Ukiandika jina ambalo halimo katika orodha yenu, inakurudisha mwanzo. Mzee mmoja, seremala mstaafu, alitaka kuipigia Black Star, kikundi cha taarabu cha hapa Tanga. Mjukuu akauliza, "Black Star albamu gani?" Mzee akamtazama kama aliyeulizwa bahari ya Raskazone ina mlango gani. "Black Star," akasema tena, taratibu, akidhani kijana hakusikia.

Kijana alisikia vizuri. Fomu ndiyo haikuwa na pa kumwandika mzee.

Sasa niwaambie kwa nini, maana huenda walioitunga fomu walizaliwa baada ya mambo haya. Bendi zilizoifanya Tanga iitwe Tanga hazikutengeneza albamu. Jamhuri Jazz, iliyoanza kwa jina la Young Nyamwezi kwa vile mkonge ndio uliowaleta watu wa Unyamwezi mpaka huku pwani, na Atomic Jazz, mahasimu wao, walitoa santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Wimbo mmoja upande huu, mmoja upande wa pili. Mara nyingi hata wimbo wenyewe ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza unasikiliza maneno, ukigeuza unakuta ndipo magitaa yanapochemka. Taarabu nayo hivyo hivyo. Assanand & Sons wa Mombasa, wenye nembo ya Mzuri, ndio waliotoa santuri nyingi za waimbaji wa pwani hii, na kwa mtu wa Tanga Mombasa ni karibu kuliko Dar es Salaam. Na ambazo hazikuwa santuri zilikuwa mikanda ya Radio Tanzania. Bendi inapanda basi kwenda Dar, inarekodi nyimbo zake, mkanda unabaki kwenye rafu ya redio, bendi inarudi na vyombo vyake. Nchi nzima ikazijua nyimbo hizo, na hapakuwa na duka lililoziuza.

Basi mtu wa namna hiyo mnapomuuliza "albamu gani, mwaka gani, kampuni gani", ni sawa na kumuuliza bibi yako namba ya leseni ya mkunga aliyemzalisha.

Nikaenda mbali zaidi, nikatafuta nini cha Tanga kinachoweza kupita katika tundu la sindano yenu. Kipo. Mwaka 1989 kampuni ya London iitwayo GlobeStyle ilitoa mkusanyo wa nyimbo za Black Star na wenzao wa taarabu, Lucky Star, ikauita Nyota. Una jina, una mwaka, una kampuni. Hongera zao, walifanya kazi nzuri, na mimi mwenyewe nilifurahi nilipouona. Lakini angalieni tulipofika: nyimbo hizo zilipigwa hapa, zikachezwa harusini hapa, zikatutoa machozi hapa, na zinageuka albamu siku Mwingereza alipozipanga mfululizo. Kwa hesabu yenu, mtu wa Tanga akitaka kuchagua muziki wa Tanga, achague kwa mpangilio wa London. Wenzetu wa Bagamoyo nao wasidhani wamenusurika. Marehemu Hukwe Zawose alifundisha na kupiga ilimba na zeze pale Chuo cha Sanaa miaka mingi, na ukitafuta albamu zake utaangukia Real World, kampuni ya Uingereza.

Hata Siti binti Saad, aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, hana albamu. Kwenye fomu yenu hakuwahi kuimba.

Niseme sasa mimi ni nani, ili msidhani ni mzee tu anayelilia ujana. Kwa miaka mingi nilikuwa na kibanda cha kanda, hatua chache kutoka soko la Ngamiani. Kanda za dukani niliuza, lakini kilichonilisha ni kurekodia watu. Mteja anakuja na kikaratasi: nataka huu, na huu, na ule wa yule mwanamke anayelia. Ananunua kanda tupu, dakika 60 au 90, namjazia. Ndiyo, ninajua sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuja kutuita nini sisi, na siwezi kusema ilitusingizia. Wanamuziki walistahili kula na mimi nilikula sehemu yao. Nimelikiri hili mbele ya watu wazito kuliko ninyi, tuendelee.

Ninachotaka kusema ni kwamba kibandani kwangu niliiona kura yenu ikipigwa kila siku, bila fomu. Na niligundua jambo ambalo sijaona mtu akiliandika. Kanda huchakaa. Ukiipitisha mara nyingi kwenye hedi, kile kichwa cha deki kinachoisoma, sauti ya juu inaanza kufifia, matoazi yanageuka kama mtu anayekunja gazeti. Wateja walikuwa wananirudishia kanda wakilalamika, nami kabla ya kumjibu mtu nazisikiliza pande zote mbili. Karibu kila mara upande A umechoka na upande B ni mpya kabisa, haujawahi kusikilizwa zaidi ya mara mbili. Yaani yule mtu alinunua nyimbo mbili akalipia kumi. Zile nyingine zilikuwa za kujazia, kama mchele wa chini wa gunia.

Lakini zilikuwapo chache zilizorudi zimelika pande zote mbili sawasawa. Kanda mwanamke amepika nayo, amefua nayo, amenyonyeshea mtoto nayo, ikiisha upande mmoja anaigeuza, ikiisha anaigeuza tena. Hizo ndizo albamu, ndugu zangu. Mkiniuliza maana ya neno, nitawapa hiyo: kanda iliyochakaa pande zote. Na nyingi kati ya hizo hazikuwa za dukani. Zilikuwa za kikaratasi, zile mteja alizozipanga mwenyewe, wimbo wa mahari ukifuatiwa na wa kusutana, kisha Jamhuri mbili za haraka, kisha Shakila anakuja kufunga.

Kuhusu Shakila lazima nisimame kidogo. Alizaliwa Pangani mwaka 1947, akaimba Black Star, akaimba Lucky Star, baadaye JKT, na alipofariki Agosti 2016 mtaani kwetu wanawake walitoka nje wakakaa vizingitini bila kuitana. Wakati wa kibanda changu hakuna siku iliyopita bila kuombwa sauti yake. Mtu hasemi jina la wimbo, anauimba mstari mmoja kwa aibu, sauti chini, nami najua. Walikuja vijana wa kuachwa, walikuja wanaume wazima na kofia zao za kiua. Mnataka niandike albamu yake ipi? Ilikuwa sauti yake tu, imegawanyika kwenye santuri za Mombasa, kwenye mikanda ya redio, na kwenye kanda tupu za TDK nilizovunja vile vipande viwili vya plastiki vya juu ili mtu asije akarekodi mahubiri juu yake.

Mtasema neno lina maana yake, haliwezi kunyooshwa kila mzee anapotaka. Sawa, tulifuate neno lenyewe lilikotoka. Zamani santuri ya mizunguko 78 ilibeba dakika tatu hivi upande mmoja. Mtu mwenye nyingi alizitia katika jalada lenye mifuko ya karatasi, kama kitabu cha picha, na kitabu cha picha kwa Kizungu ni albamu. Ndiyo asili yake: jalada la kukusanyia. Santuri kubwa ya mizunguko 33 ilikuja mwaka 1948, ikabeba peke yake nyimbo zilizokuwa zinajaza jalada zima, ikarithi jina. Kaseti ikaja mwaka 1963, ikarithi tena. Kwa hiyo mteja wangu na kikaratasi chake hajalipotosha neno. Amelirudisha kwao.

Na wala msiogope kwamba mtachekwa. Wamarekani wa jarida la Rolling Stone walitoa orodha yao ya albamu 500 mwaka 2003, wakaweka Beatles juu kabisa. Mwaka 2020 walipiga kura upya, wakauliza watu wengine, akapanda Marvin Gaye. Albamu zote mbili zilikuwapo tangu kabla ya mimi kuoa. Hazikuongezewa hata noti. Kilichobadilika ni nani aliyeulizwa na swali lilimfikiaje.

Nafasi ya "nchi" nayo mniondolee. Wilson na George Kinyonga ni watoto wa Tanga, walipiga na Jamhuri hapa hapa, wakapita Arusha, wakaingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuwa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao wakatoka na kuanzisha Les Wanyika. Hao walifanikiwa kupata santuri kubwa, kwa kuwa Nairobi mitambo ilikuwapo. Sasa fomu yenu imewaweka Kenya, na orodha yenu ya Tanzania haiwatambui. Barazani kwetu nusura watu washikane mashati. Mmoja anasema muziki ni wa palipochapwa santuri, mwingine anasema basi hata kanga zetu ni za India. Mimi nasema mwacheni mpiga kura aandike jina, uraia waulizwe Uhamiaji.

Vijana mtasema wao wako salama. Sivyo sana. Kweli, zama zile za mwanzo wa Bongo Fleva kila msanii alitoka na kanda yenye jina, nami niliuza za Wagosi wa Kaya, vijana wetu waliouliza Tanga kunani, hadi mkono ukachoka kurudisha chenji. Siku hizi zipo pia, Diamond alitoa A Boy from Tandale mwaka 2018 na fomu yenu inamjua vizuri. Lakini mwulizeni kijana wa Makorora albamu anazozipenda, atawatajia nyimbo moja moja. Wimbo unatoka peke yake, unapanda, unashuka, unakuja mwingine. Ni santuri ya 45 imerudi, safari hii bila santuri. Mjukuu wangu mwenyewe alijaza albamu tatu akakwama, akaanza kuandika jina la kila mtu aliyesikia watu wakimsifia. Kura ya namna hiyo ina faida gani kwenu?

Kwa hiyo ninaomba hivi. Badilisheni swali. Ulizeni watu: taja mkusanyiko wa nyimbo usioweza kuuruka hata wimbo mmoja, wa dukani, wa redioni, wa santuri, wa kanda uliyojaziwa mtaani, wa simu. Kama hauna jina, mtu aueleze. "Kanda ya Black Star ya mama." Basi, inatosha. Mwaka na kampuni mtatafuta ninyi, ndiyo kazi mnayolipwa. Na mkizipata kanda za namna hiyo nyingi, mtakuwa mmepata kitu ambacho orodha ya London wala ya New York haina.

La pili, fomu isikae simuni tu. Wanaozijua nyimbo hizi wengi wao simu zao ni za vitufe, na wengine macho yameshakwenda. Leteni karatasi sokoni, leteni pale wanapokaa wauza samaki, waleteeni akina mama kwenye vikoba vyao. Hasa akina mama. Katika orodha ya majaji wenu nimehesabu wanaume watupu, na wanaume wa mji huu kwenye taarabu walikuwa wasindikizaji. Nilipomsomea mke wangu kumi zangu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe ulikuwa unaziuza. Mimi ndiye niliyekuwa nazisikiliza." Akanitajia kumi zake bila kusita huku anapepeta mchele, na mbili tu zilifanana na zangu. Ziko nyuma ya karatasi hii, kwa mwandiko wake, nanyi mkizipuuza mtajua wenyewe namna ya kumjibu.

Na hili la kupiga kura kwa ujumbe wa kulipia, mtu anapiga mara mia akitaka, liacheni. Namba moja, kura moja. Msanii mwenye shemeji tajiri anajulikana, hahitaji kura.

Jambo la mwisho linahusu kupanga kwa namba. Mnataka ya kwanza mpaka ya kumi. Nimejaribu siku nne. Kuanzia ya pili hadi ya kumi zinabadilishana nafasi kila nikiamka, kutegemea nimeota nini, na nimeamua kuziandika bila namba, mtazipanga mnavyopenda. Ya kwanza haijatikisika.

Ni kanda ya dakika 90, haina kasha, haina karatasi. Upande A ni Black Star na Lucky Star, niliwarekodi kutoka redioni, kidole kwenye kitufe, na katikati ya wimbo wa nne mtangazaji anaingia kusema saa. Upande B ni Jamhuri na Atomic, nimewapanga mmoja baada ya mwingine makusudi ili wagombane, na mwishoni kabisa kuna nusu dakika ya taarifa ya habari, kisha mama yangu anasikika kwa mbali akiniita nikalete maji. Mama alishatangulia. Jina la albamu: sina. Mwaka: sikumbuki vizuri, mvua zilikuwa nyingi. Kampuni: mimi. Nchi: Barabara ya Kumi na Mbili.

Deki ninayo, mkanda wake wa mpira nimeubadilisha mwezi uliopita na hedi naisafisha kwa pamba na spiriti kila Alhamisi. Mkitaka kuisikiliza kabla ya kuikataa, karibuni wakati wowote baada ya Alasiri. Ila hakuna anayetoka nayo nje ya nyumba, hata mkija na barua ya mkuu wenu.

Wenu,
Muuza kanda mstaafu, Ngamiani, Tanga